Gramu 21 za Taipei

(Mazungumzo ya wiki, kama yalivyosomwa redioni Jumapili iliyopita)

Wiki tatu zilizopita nilizungumza hapa juu ya mikate inayopungua uzito huku bei yake ikibaki pale pale, na barua nilizopata zimenionyesha kwamba jambo lile limewagusa wengi. Msikilizaji mmoja aliniuliza hivi: "Wewe unayelalamika kila siku, umewahi kuona wapi mfanyabiashara wa chakula anayejali gramu moja?" Swali ni la haki. Nimewahi kuona, na leo nitakueleza ni wapi. Ni mbali kidogo, kwa hiyo naomba univumilie.

Mwezi wa Novemba mwaka 2019 shughuli za kazi zilinifikisha Taipei, mji mkuu wa Taiwan. Jioni ya pili mwenyeji wangu, mama mmoja wa makamo aliyekuwa akinisaidia ukalimani, aliniambia kwamba haiwezekani niondoke mjini mle bila kula Din Tai Fung. Nikamwuliza hicho ni chakula cha namna gani. Akacheka. Akasema Din Tai Fung si chakula, ni mgahawa, na kinachofuatwa pale kinaitwa xiaolongbao. Kwa tafsiri ya karibu jina hilo maana yake ni andazi la kikapu kidogo.

Ndugu msikilizaji, nitajaribu kukuchorea. Fikiria sambusa. Sasa ondoa mafuta ya kukaangia, na badala ya kuwa na pembe tatu iwe ya mviringo kama kifuko cha sarafu ambacho mdomo wake umekusanywa juu kwa mikunjo midogo midogo. Unga wake ni mwembamba hata ukiuinua unaona kivuli cha kilichomo. Ndani mna nyama ya kusaga, na pamoja na nyama mna mchuzi. Sisemi mafuta wala majimaji ya nyama, nasema mchuzi hasa, wa kunywa kwa kijiko. Vifuko hivyo hupangwa kumi kumi katika kikapu cha mianzi na kupikwa kwa mvuke.

Ndugu zangu Waislamu watanisamehe hapa, kwani nyama inayotumika ni ile ambayo Dar es Salaam tumeipa jina la kitimoto. Asiyeitumia hakosi cha kula mle ndani, maana kuna vifuko vya mboga na uyoga na kuna supu ya kuku. Lakini hadithi yangu inahusu kile kifuko chenye mchuzi.

Tulipofika barabara ya Xinyi, ilipo nyumba ya awali ya mgahawa huo, nilikuta umati umejaa njiani. Nilidhani kuna ajali. Mwenyeji wangu akanieleza kwamba ile ni foleni. Binti mmoja aliyevaa nadhifu alituuliza tuko wangapi, akatupa kikaratasi chenye namba, na karatasi nyingine yenye orodha ya vyakula pamoja na penseli. Unaweka alama kwenye unachotaka ukiwa bado umesimama nje, ili utakapoketi jiko liwe limeshaanza kazi yako. Juu ya mlango kulikuwa na kibao cha umeme kinachobadilisha namba. Yetu ilikuwa mbali. Tulisimama kwa zaidi ya saa nzima.

Mimi, ndugu msikilizaji, ni wa rika lililokulia kwenye foleni. Wenzangu mnakumbuka miaka ya mwanzo ya 80, tulipokuwa tukiweka jiwe au kopo mbele ya duka la kaya alfajiri ili litushikie nafasi, tukipanga foleni ya sukari, ya sabuni, ya ule unga wa njano tuliouita Yanga. Kwa hiyo foleni hainitishi. Lakini hii ilinishangaza kwa sababu moja. Hatua chache kutoka pale upo mtaa wa Yongkang, na mtaa huo umejaa migahawa. Mtu angeweza kuvuka tu akala na kushiba. Sisi tulipanga foleni kwa sababu hapakuwa na pengine pa kwenda. Wale walikuwa na pengine pengi, na bado wamesimama, wengine wameshika watoto mkononi, na hakuna aliyekuwa akinung'unika. Nikajisemea moyoni kwamba lazima kuna kitu.

Kusimama kulitupa nafasi ya kuzungumza. Mama yule aliniuliza natoka nchi gani hasa ya Afrika. Nilipomwambia Tanzania, alinitazama kidogo, kisha akasema kwa tabasamu: "Baba yangu alikuwa akiwakumbuka sana ninyi. Mlicheza ngoma." Nilielewa mara moja. Tarehe 25 Oktoba 1971 Umoja wa Mataifa ulipiga kura kumpa kiti cha China mwakilishi wa Peking, na serikali iliyokuwa Taipei ikatoka. Tanzania ilikuwa mstari wa mbele katika kampeni ile, na balozi wetu, Salim Ahmed Salim, ambaye wakati huo alikuwa hajatimiza miaka 30, alikuwa miongoni mwa walioshangilia ukumbini bila kujificha. Kwetu ilikuwa ni haki imetendeka. Kwa baba wa mama yule ilikuwa usiku wa kukosa usingizi. Sikuwa na la kumjibu, naye hakutaka jibu. Alinyoosha kidole kwenye ule mlango akasema: "Mwaka uliofuata ndipo mzee huyu alipoanza kuuza hivi vifuko." Basi akaanza kunisimulia.

Mzee mwenyewe jina lake lilikuwa Yang Bingyi. Alizaliwa mwaka 1927 katika jimbo la Shanxi, China bara. Mwaka 1948, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa vimepamba moto, alivuka bahari akaingia Taiwan akiwa kijana asiye na mali. Alipata kazi katika duka la mafuta ya kupikia, kazi ya kusambaza mafuta kwa wateja. Duka lile lilipokufa, yeye na mkewe, Lai Penmei, walifungua la kwao mwaka 1958. Jina lake lilikuwa Din Tai Fung. Kwa hiyo jina ambalo leo watu wanaliona kwenye migahawa ya Tokyo na London ni jina la duka la mafuta ya kupima.

Biashara iliwalisha kwa miaka zaidi ya kumi. Halafu ukaja mtindo mpya, mafuta ya kiwandani yaliyofungwa kwenye makopo. Mwenye nyumba akiweza kununua kopo lililofungwa, ya nini kubeba chupa kwenda kupimiwa? Wateja wakapungua mmoja mmoja. Wewe msikilizaji mwenye duka unaijua hali hiyo: asubuhi unafungua, jioni unafunga, na kati ya asubuhi na jioni umefukuza nzi. Rafiki yao mmoja mwenye mgahawa aliwashauri wagawe duka, nusu waendelee na mafuta, nusu wauze xiaolongbao. Hiyo ilikuwa mwaka 1972. Yang mwenyewe hakuwa mpishi, wala hakuwa mtu wa upande wa Shanghai, ambako chakula hiki kinasemekana kilianza katika mji mdogo wa Nanxiang karne ya 19. Alikuwa muuza mafuta tu. Lakini nusu ya vifuko ikaimeza nusu ya mafuta, na baada ya muda mafuta yakaachwa kabisa.

Namba yetu ilipokaribia tulisogezwa mlangoni, na hapo ndipo nilipokiona kile nilichokuja kukusimulia leo. Jiko la Din Tai Fung liko mbele, mara uingiapo, na ukuta wake ni wa kioo. Ndani yake vijana wamesimama wakiizunguka meza, wamevaa nguo nyeupe, kofia nyeupe, na vitambaa vya kufunika mdomo na pua. Mmoja anavuta unga kuwa kamba ndefu na kuikatakata vipande vidogo. Mwingine anasukuma kila kipande kwa mpini mdogo wa mti mpaka kinakuwa duara, katikati pamebaki panene kidogo kuliko pembeni ili pasipasuke kwa mzigo. Wa tatu anaweka nyama. Wa nne anakunja.

Na kati yao, ndugu msikilizaji, kuna mizani.

Mizani ndogo ya umeme, kama ile ya sonara. Kipande cha unga kinawekwa juu yake: gramu 5. Nyama inaongezwa: gramu 16. Jumla gramu 21. Nilimwona kijana akiweka nyama, akatazama namba, akachota kipande ambacho mimi nisingekiona hata kwa miwani, akakirudisha bakulini. Kisha akaweka kingine. Hakuwa na msimamizi nyuma yake, na wala hakuwa akituonyesha sisi, kwani hakuinua macho hata mara moja. Kifuko kikitoka hapo kinakunjwa mikunjo 18. Kumi na nane, si kumi na saba wala kumi na tisa. Nilimwuliza mwenyeji wangu kwa nini 18. Akasema huo ndio utaratibu wa nyumba, na kila mteja anaujua, hata watoto huhesabu.

Nilitaka kujua na mchuzi unaingiaje, maana kifuko kimefungwa pande zote. Siri yake utaielewa upesi kama umewahi kulaza supu ya makongoro kwenye friji. Asubuhi unaikuta imeganda, unaweza kuikata kwa kisu. Wale nao huchemsha ngozi ya nyama kwa muda mrefu, supu yake wakaiacha ipoe hadi igande, kisha wakaisagasaga na kuichanganya na nyama. Kifuko kinafungwa kikiwa na kitu kigumu ndani. Mvuke ukipiga, kile kilichoganda kinarudi kuwa mchuzi, na hakina pa kutokea. Unga ukiwa mzito unakula unga mtupu. Ukiwa mwembamba kupita kiasi unapasuka na mchuzi unamwagikia kikapuni. Kwa hiyo ile gramu moja ina kazi yake.

Tukapandishwa ngazi nyembamba hadi ghorofani, tukakalishwa, na kikapu kikafika kabla sijamaliza kukunjua kitambaa cha mkono. Mezani kulikuwa na kadi yenye picha za kumfundisha mgeni. Kwanza unatia katika kisahani siki na sosi ya soya, siki mafungu matatu na sosi fungu moja, juu ya tangawizi iliyokatwa nyembamba kama nyuzi. Unakiinua kifuko kwa vijiti taratibu kwa kukishika pale juu kwenye mikunjo, unakichovya, unakiweka kwenye kijiko cha kauri. Unakitoboa kidogo. Mchuzi unatoka na kujaa kijikoni. Unaunywa kwanza, halafu ndipo unakula kilichobaki pamoja na tangawizi. Mwenye haraka anayekitupia chote mdomoni ataungua ulimi, na hilo litamfundisha adabu.

Nilitoboa cha kwanza. Mchuzi ulitoka safi, mwepisi, wenye utamu wa nyama iliyochemka kwa subira. Nakiri ilikuwa ni mojawapo ya vitu vitamu nilivyopata kutia mdomoni. Lakini mimi ni mtu wa mashaka, na nilikuwa nimeshaiona ile mizani. Nilianza kutafuta kosa. Nikahesabu mikunjo ya cha pili: 18. Ya cha tatu: 18. Mwenyeji wangu aliniangalia kwa mshangao, mimi nikaendelea. Nilikuwa nakitafuta kile ambacho kijana wa jikoni alichoka, au alikuwa na hasira na mkewe, au alisema moyoni kwamba huyu Mwafrika atajuaje. Katika vile kumi sikukipata. Cha mwisho kilinijaza kijiko kama cha kwanza.

Hapo, ndugu msikilizaji, nikakwama. Mama yule akaniuliza mbona nimenyamaza. Nikamwambia mchuzi ni wa moto.

Haikuwa hivyo. Nilikuwa nimemkumbuka mama yangu.

Mama alikuwa akiuza vitumbua Magomeni. Alikuwa akiloweka mchele jioni, akiusaga, akiukanda kwa tui la nazi, sukari, hamira na iliki, na saa kumi usiku alikuwa ameshawasha moto. Kufikia saa kumi na moja alfajiri wateja walikuwa wakipita: makonda, watu wa bandarini, wafanyakazi wa viwandani wanaowahi zamu. Uchochoroni kwetu umeme ulikuwa haujafika. Taa ilikuwa koroboi moja, na koroboi hiyo alikuwa anaiweka upande wake ili aone chuma cha kuchomea. Mteja alinyoosha mkono gizani, akapokea vitumbua vyake, akatoa hela, akaondoka. Kipimo cha mama kilikuwa upawa mmoja, kifuu cha nazi chenye mpini. Upawa mmoja uliojaa, kitumbua kimoja.

Mwaka 1982 nilikuwa darasa la saba. Sukari iliadimika, na iliyokuwapo ilikuwa ya magendo kwa bei ya kuumiza. Wauzaji wengine wa mtaani walifanya walichoweza. Wengine walipunguza upawa, wengine walipunguza sukari, wengine vyote viwili. Siwalaumu, kila mtu alikuwa na watoto. Mama yeye aliacha. Aliuosha upawa, akautundika ukutani, akasema atachoma tena sukari itakaporudi. Ikapita miezi miwili.

Viatu vyangu vya shule viliisha wakati huo huo. Nilimaliza mwaka wa mtihani nikiwa na kandambili zilizofungwa kwa waya, na wenzangu hawakuniacha nipumue. Siku moja nilimjia mama kwa hasira nikamwambia maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi. Nilimwambia: "Kila mtu anapunguza. Wewe peke yako ndiye mtakatifu? Utakatifu wako unavaliwa miguuni?"

Hakunipiga, ingawa nilistahili. Alisema: "Mwanangu, vitumbua vyangu watu wananunua gizani. Hakuna anayetazama. Nikipunguza leo, kesho itabidi waanze kutazama."

Sikumwelewa. Nilimwona mkaidi. Hata nilipokuwa mtu mzima mwenye watoto, nilikuwa nikiisimulia habari ile kama kichekesho cha ukaidi wa bibi yao, mama yangu akiwapo, naye akicheka pamoja nasi. Alifariki mwaka 2003. Miaka 16 baadaye, ghorofani Taipei, na kijiko mkononi, ndipo nilipoelewa alichoniambia.

Kwani mteja wa xiaolongbao naye ananunua gizani. Jiko lina kioo, ni kweli, lakini wewe uliyeketi ghorofani hukioni kikapu chako kikitengenezwa, na mchuzi wenyewe umefungwa ndani ya unga. Mpaka ukitoboe huwezi kujua kama upo. Ukishatoboa umeshanunua. Wale watu waliosimama saa nzima barabarani hawakuwa wamesimama kwa sababu ya njaa. Walisimama kwa sababu walijua watakachokikuta ndani bila kutazama. Hiyo ndiyo bidhaa ya mzee Yang, na hiyo ndiyo bidhaa aliyokuwa nayo mama yangu. Muuzaji akiipoteza, mteja anaanza kutazama: anapima kwa mkono, anafungua mkate dukani, anabishana, anamwita mwenzake mwizi. Soko zima linakuwa watu wanaotazamana.

Sasa nisije nikakudanganya, msikilizaji wangu, ukadhani nasema kwamba kipimo cha haki ni tikiti ya utajiri. La hasha. Din Tai Fung walitajwa na gazeti la New York Times mwaka 1993 miongoni mwa migahawa kumi bora duniani. Walifungua Tokyo mwaka 1996 na Marekani mwaka 2000, na tawi lao la Hong Kong likapewa nyota ya Michelin katika kitabu cha mwaka 2010. Mzee Yang alifariki mwaka 2023 akiwa na miaka 96, akiwa amemwachia mwanawe kampuni ya kimataifa. Mama yangu alifariki akiwa na chumba na sebule, na sukari iliporudi wateja wake walirudi wengi, lakini si wote. Wengine walishazoea kwa jirani.

Tofauti hiyo haikutokana na mizani. Mzee Yang alipata mshauri mwema siku duka lake lilipokuwa linakufa. Alikuwa katika nchi ambayo miaka ile uchumi wake ulikuwa unapanda kwa kasi, na watu wa mji wake walikuwa wanaanza kupata fedha za kula nje. Alipokwenda kununua unga, unga ulikuwapo. Mama yangu alipokwenda kununua sukari alikuta jiwe lake kwenye foleni na rafu tupu dukani. Kumwambia mtu wa namna hiyo awe mwaminifu tu naye atatajirika ni kumdhihaki. Tena hata wakubwa hawana kinga. Mwaka 2024 kampuni iliyokuwa ikiendesha matawi ya Din Tai Fung kaskazini mwa China ilitangaza kuyafunga 14 kwa mkupuo, yakiwamo ya Beijing, na sababu zake zilikuwa mambo ya leseni na makubaliano ya wenye kampuni. Gramu 21 hazikuweza kulizuia hilo. Na ile nyumba ya barabara ya Xinyi niliyopanda ngazi zake, baada ya safari yangu iligeuzwa ikawa ya kuuza chakula cha kubeba, na wanaotaka kuketi wanakwenda tawi la jirani. Mambo hubadilika.

Ninachosema ni kidogo zaidi. Yako mambo ambayo muuzaji hayana amri yake: bei ya ngano, ushuru, mvua, vita, makopo ya kiwandani. Liko moja ambalo ni lake peke yake, nalo ni kile anachotia ndani wakati hakuna anayetazama. Mzee Yang hakuweza kuyazuia makopo. Mama hakuweza kuileta sukari. Wote wawili waliweza kuamua upawa ujae au usijae.

Nasi kwetu tumelizoea jambo hili upande wake mbaya, hata tumelipa majina. Tunayo lumbesa, gunia linaloshonewa kilemba juu ili mkulima apunjwe, ambayo serikali imeipiga vita miaka nenda rudi na bado ipo. Tuna kopo lililobonyezwa chini. Tuna jiwe la mizani lililochimbwa tumboni. Tuna ule mkate wa wiki tatu zilizopita. Wanaofanya hivyo hutuambia kwamba maisha ni magumu, nami nawaamini, maisha ni magumu. Lakini mkate uliopunguzwa haukupunguziwa uzito tu. Mama wa nyumbani aliyeupima kwa mkono akatikisa kichwa ameshaanza kutazama, na ukimfundisha mteja kutazama hutamsahaulisha tena. Ni afadhali ungeongeza bei mchana kweupe, akakasirika, akajua amekasirikia nini.

Wewe msikilizaji uliyeniandikia, hilo ndilo jibu langu. Nimewahi kumwona anayejali gramu moja, na nimeona watu wakisimama saa nzima barabarani kwa ajili yake. Kisha nikakumbuka kwamba nilikuwa nimeshamwona mwingine kabla yake, nyumbani kwetu, na sikumtambua kwa sababu nilikuwa natazama miguu yangu.

Kesho asubuhi, kituoni unapongojea basi, kuna mama anachoma vitumbua, au chapati, au anakaanga mihogo. Pengine wewe humtazami, unanyoosha mkono tu huku macho yako yakitafuta gari. Kama kipimo chake ni kile kile cha mwaka jana, na bei ya unga unaijua ilivyo, basi fahamu kwamba kuna mahali amejinyima ili mkono wako usidanganyike. Mlipe hela yake bila kuomba nyongeza, na umwambie kwamba umeona. Mimi wangu sikumwambia.

Hadi Jumapili ijayo, panapo majaliwa, kwaheri.